Kuchuma machungwa mwenyewe msimu wa baridi: mwongozo kutoka shambani Rongai

Ninazungumzia Rongai ya Nakuru, si ile ya Kajiado yenye matatu za muziki mkubwa. Kila Julai familia huja shambani kwetu kujichumia machungwa, na karibu kila gari likifika kuna mtu ananiuliza, "Mama, mbona haya bado mabichi?" Mabichi siyo. Ni ya kijani tu. Asiyejua tofauti hiyo atapita mti mtamu na kwenda kuchuma wenye tunda kali.

Hatua ya kwanza: sahau rangi

Ganda la chungwa hugeuzwa rangi na baridi, hasa ya usiku. Huko California na Hispania watu huchuma majira yao ya baridi, kuanzia Desemba, na tunda huwa limewaka rangi kama kwenye picha. Kwetu baridi ni Juni hadi Agosti, tena si kali vile. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, ganda hugeuka nusunusu. Kisumu, ambako usiku hauna baridi ya maana, chungwa laweza kuiva kabisa na bado likafanana na ndimu iliyonenepa.

Hatua ya pili: piga simu kabla ya kutoka nyumbani

Usiulize "kuna machungwa?" Kuna machungwa daima. Uliza ni aina gani imefika. Yale yenye kitovu chini, yasiyo na mbegu, ambayo sisi huita Washington, huchukua kama miezi minane hadi kumi tangu ua kufunguka. Valencia huchukua mwaka na zaidi, kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa na machungwa yaliyoiva, vitunda vya ukubwa wa njegere na maua, vyote kwa pamoja. Kama nia yako ni juisi, ngoja Valencia. Kama ni watoto wa kumenya na kula, njoo wakati wa Washington au machenza.

Hatua ya tatu: fika saa nne, ondoka kabla ya saa nane

Hapa nilijifunza kwa aibu. Mwaka fulani niliruhusu kikundi cha vijana waanze saa moja asubuhi, umande ukiwa bado unadondoka. Walichuma kwa furaha, wakalipa, wakaenda. Siku tatu baadaye simu: machungwa yana mabaka ya kahawia, umetuuzia yaliyooza? Hayakuwa yameoza. Ganda lililolowa huwa limejaa maji, na vifuko vya mafuta vilivyomo hupasuka hata ukilifinya kidogo tu. Yale mafuta huunguza ganda lenyewe. Ndani chungwa ni zima, lakini nani atakuamini? Niliwarudishia nusu ya pesa.

Tangu hapo hakuna anayegusa mti wangu kabla jua halijakausha majani. Na kwa kuwa mvua za Julai huku hupenda kuja mchana, dirisha lako ni fupi. Vaa gamubuti na mikono mirefu. Michungwa ina miiba, tena yale machipukizi yanayotoka chini ya kipandikizi ndiyo yenye miiba mirefu kuliko yote.

Hatua ya nne: pima, onja, ndipo uchume

Shika machungwa mawili ya ukubwa mmoja yakiwa bado mtini, moja kila mkono. Lililo zito ndilo lenye maji. Ganda lililolegea na jepesi mkononi ni la chungwa lililokaa mno, ndani utakuta pamekauka.

Kisha omba kuonja moja kutoka mti huohuo. Mwenye shamba akikataa, mimi ningerudi garini. Chungwa si kama embe au ndizi, ukilichuma kali litabaki kali, hata ulifunike kwenye unga wiki nzima. Utamu wote huingia likiwa mtini.

Hatua ya tano: kata, usivute

Ukivuta, kikonyo hung'oka na kipande cha ganda, na hapo kwenye kidonda ndipo ukungu huanzia. Tumia mkasi wa kupogolea na ukate mara mbili. Kwanza kata kikonyo mbali kidogo na tunda ili usilijeruhi. Halafu ligeuze mkononi, ukate tena sambamba na ganda. Pitisha kidole gumba juu yake: kikikwaruza, rudia. Kijiti cha nusu sentimita tu hutoboa machungwa ya jirani ndoo nzima. Watoto nawapa kazi ya kupokea na kulaza polepole, maana mkononi mwao kila chungwa ni mpira.

Ukipita kwenye ndimu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudi juani. Maji ya ndimu pamoja na jua huacha ngozi na malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa.

Jambo moja ninalokataza kabisa

Usivunje kijiti ukapandikize kwako. Nyanda za juu zenye baridi zina ugonjwa unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza majani machanga, na pia kwa kupandikiza kijiti chenye ugonjwa. Dawa ya kuuponya mti haipo. Utaujua kwa matunda madogo, yaliyopinda upande, machungu. Rangi yake pia huja kinyume: hugeuka kwanza karibu na kikonyo huku chini pakibaki kijani. Chungwa zima kwa kawaida huanzia chini. Ukitaka mche, nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa.

Kubeba na kuhifadhi

Kreti au kikapu, si mfuko wa plastiki uliofungwa. Nyumbani usiyaoshe mpaka siku ya kula. Mahali penye kivuli na hewa yatakaa wiki moja au mbili, na kwenye friji zaidi. Yaliyokwaruzika yaweke juu, karibu na watoto. Mara nyingi huwa hayafiki Nakuru mjini.