Namna ya kulinda machimbo bila kumdhuru jirani

Kampuni inayochimba mchanga au mawe Unguja na Pemba hufanya kazi katikati ya watu. Machimbo hupakana na mashamba ya mihogo, mikarafuu, visima na njia za miguu zilizokuwapo kabla ya kibali kutolewa, na mtu anayekutwa ndani ya uzio usiku mara nyingi ni mtoto wa shehia ile ile. Kwa sababu hiyo, meneja anayetaka ulinzi wake uheshimu haki za binadamu asianze kwa kuajiri walinzi, bali aanze kwa kujua ni nani huingia, hupitia wapi na hufuata nini.

Tembeeni mpaka wote pamoja na sheha, wala msiishie kwake: wachukueni pia wanawake wanaoteka maji, wafugaji, na vijana waliokuwa wakipakia mchanga kwenye gari za ng'ombe kabla ya eneo kufungwa. Katika chimbo moja nililotembelea, uzio ulikuwa umekata njia ya kisimani. Niliwaona wanawake wakiinuliana waya, ndoo zikitangulia kupita chini yake, na daftari la lindo la siku ile likawaandika kuwa ni wavamizi wanne. Mlinzi aliandika alichokiona, kwani hakuna aliyewahi kumweleza kwamba njia ile ina wenyewe. Pale palihitajika mlango mdogo tu.

Hapo ndipo mkataba wa ulinzi uandikwe. Marejeo yake makuu ni Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu za mwaka 2000, ambazo zinaitaka kampuni ipime hatari kwanza, kisha iweke utaratibu na vyombo vya dola na vilevile na walinzi binafsi. Mkataba useme wazi kwamba mwenendo wa nyuma wa kila mlinzi utachunguzwa kabla hajaajiriwa, kwamba kazi yake ni kuzuia na kutoa taarifa, na kwamba nguvu itatumika pale tu inapolazimu na kwa kadiri ya tishio. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990, zilizoandikwa kwa ajili ya maofisa wanaosimamia sheria, haziruhusu kumpiga mtu risasi kwa kusudi la kuua isipokuwa pale isipoepukika kabisa ili kuokoa maisha. Na mchanga, hata ukijaza lori zima, si maisha. Msimpange mlinzi peke yake usiku kucha akiwa na rungu tu, kwa sababu mtu mwenye hofu hupiga kabla ya kuuliza. Wawe wawili, wenye tochi na simu yenye salio.

Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano na halipokei amri za kampuni. Hata hivyo, kampuni inawajibika kwa kile inachokiomba na inachokitoa, kwa hiyo kila posho, mafuta au usafiri mnaowapa askari uandikwe katika hati ya makubaliano, pamoja na sharti kwamba anayekamatwa hatapigwa na atakabidhiwa kituoni bila kucheleweshwa.

Mtu akiumia, matibabu hutangulia maswali yote. Mpelekeni hospitali kwa gari ya kampuni, waarifuni jamaa zake, liacheni eneo kama lilivyo, na msimwache msimamizi wa lindo lile ajichunguze mwenyewe. Msimpe majeruhi karatasi ya kusaini akiwa kitandani; nalisisitiza hili kwa sababu sahihi ya mtu mwenye maumivu haina ridhaa ndani yake.

Malalamiko nayo yanahitaji pa kupokelewa. Sanduku lililotundikwa langoni, mbele ya macho ya mlinzi yule yule anayelalamikiwa, litabaki tupu. Teueni wapokeaji wawili, mmoja wao mwanamke, wakae shehiani siku inayojulikana, baada ya sala ya alasiri, waandike maneno ya mlalamikaji kwa Kiswahili na kumsomea kabla hajaondoka. Mwambieni tarehe ya kupata jibu, na mjulisheni kwamba asiporidhika anaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Zanzibar, au mahakamani, wala kampuni haitamzuia.