Jinsi ya Kupata Cheti cha Mzamiaji wa Kisayansi

Wanafunzi wapya huniuliza kwanza kozi inauzwa wapi. Nawaelewa, kwa sababu uzamiaji wa burudani ndivyo ulivyo: unalipa, unasoma siku chache, unapewa kadi, basi. Uzamiaji wa kisayansi, yaani kushuka majini kufanya utafiti, una njia nyingine. Anayekuidhinisha ni taasisi, iwe chuo kikuu, kituo cha utafiti au makumbusho, na idhini hiyo hudumu kwa muda ambao uko chini yake na unaendelea kuzamia. Ukilielewa hilo mapema utaokoa fedha na miezi mingi.

Nitafuata zaidi utaratibu wa American Academy of Underwater Sciences, kwa kifupi AAUS, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1977. Ndio ninaoufundisha. Nchi nyingine zina sheria zao, na nitazigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Tafuta taasisi, na swali la kujibu

Mwaka 1982 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani iliwaondoa wazamiaji wa kisayansi katika kanuni kali za wazamiaji wa kibiashara, lakini kwa masharti. Taasisi lazima iwe na bodi ya kusimamia uzamiaji, na wengi wa wajumbe wake wawe wazamiaji wa kisayansi wanaozamia kweli. Lengo la kazi liwe kuendeleza sayansi, na matokeo yasifichwe kwa faida ya mtu. Mzamiaji awe mtazamaji na mkusanyaji wa takwimu. Kuchomelea vyuma au kujenga nguzo za gati si kazi yake. Tena awe mwanasayansi au anayesomea sayansi, kwa maana kazi yenyewe inahitaji elimu hiyo.

Ndiyo maana huwezi kujiandikisha mwenyewe kutoka mtaani. Tafuta mhadhiri au mtafiti mwenye mradi chini ya maji: matumbawe, nyasi bahari, samaki, mabaki ya meli za kale, mashapo ya ziwa. Kisha mwone ofisa wa usalama wa uzamiaji wa taasisi hiyo. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika safari yako. Mweleze unataka kupima nini na kwa nini lazima ushuke mwenyewe. Kama kamera iliyofungwa kwenye kamba ingetosha, atakwambia, na atakuwa amesema kweli.

Hatua ya 2: Kadi ya burudani na daktari

Taasisi nyingi zitataka uje tayari na cheti cha mwanzo cha uzamiaji wa burudani. Kipate kwa mwalimu yeyote mzuri.

Uchunguzi wa daktari usiufanyie haraka. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Hewa uliyoivuta huko, ukipanda nayo bila kuitoa, hutaka nafasi mara mbili, na pafu halina nafasi hiyo. Kwa hiyo mwambie daktari kila kitu kuhusu pumu, moyo, masikio, kifafa, hata dawa unazotumia. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari akificha tatizo la kifua ili asiachwe nyuma ya wenzake. Tuligundua kabla hajaingia majini, nashukuru. Uchunguzi hurudiwa kila miaka 5 ukiwa chini ya umri wa miaka 40, kila miaka 3 hadi 60, halafu kila miaka 2.

Hatua ya 3: Jaribio la kuogelea

Hapa hakuna mapezi ya miguuni, miwani wala snorkeli (mrija wa kupumulia). Utaogelea chini ya maji yadi 25 (kama mita 23) bila kuchomoza. Utaogelea yadi 400, karibu mita 366, kwa muda usiofika dakika 12. Utakaa wima kwenye kina bila kushika kitu kwa dakika 10, au dakika 2 bila kutumia mikono. Mwisho utambeba mtu wa kimo chako yadi 25.

Anza mazoezi miezi miwili kabla. Zile yadi 400 ndizo zinazowaangusha wengi, na dawa yake ni kuogelea mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 4: Saa 100 za mafunzo

Saa hizi huchanganya darasa, bwawa na bahari. Utajifunza namna nitrojeni inavyoingia mwilini na inavyotoka, kuokoa mwenzako, kuhuisha moyo na pumzi, kumpa majeruhi oksijeni, na kumpima mishipa ya fahamu ukiwa ufukweni mbali na hospitali. Haya yote lazima uyajue hadi mikono iyafanye yenyewe.

Lakini kinachomtofautisha mzamiaji wa kisayansi ni kutulia. Ebu fikiria kazi ya kawaida: utepe wa mita 30 umelazwa juu ya mwamba, nawe unaufuata ukiandika kilichopo chini yake kila baada ya nusu mita. Mkono mmoja una kibao na penseli, mwingine umeshika fremu ya mraba ya kuonyesha eneo la kuhesabu. Mkondo unakusukuma. Unatakiwa kuangalia hewa, kina, muda na mwenzako, huku ukitambua spishi. Ukizama kidogo, pezi linavunja tumbawe ulilokuja kulihesabu. Ukipiga mguu vibaya, tope linafumuka na dakika tano zinapotea. Na takwimu zako? Samaki wamekimbia, kwa hiyo umehesabu woga wao.

Zoezi ninalolitilia mkazo ni hili. Katika bwawa, kaa nusu mita juu ya sakafu bila kupanda wala kushuka, ukitumia pumzi tu. Ukiweza, chukua kibao na uandike sentensi kumi bila mwili kusogea. Kisha funga fundo, pima vigae, mpe mwenzako ishara. Ongeza jambo moja moja. Mwanafunzi anayepewa kamera, utepe na fremu siku moja huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa husahau kuangalia hewa yake.

Hatua ya 5: Mizamio 12 na ngazi za kina

Ndani ya mafunzo hayo utafanya mizamio isiyopungua 12 majini pa wazi, ukisimamiwa. Idhini ya kwanza huwa ya futi 30, yaani mita 9. Baadaye unapanda ngazi: futi 60, 100, 130, 150, 190, kila moja kwa mizamio inayosimamiwa. Usizikimbilie. Matumbawe mengi ya kusoma yako mahali penye mwanga wa kutosha, na kina kifupi hukupa muda mrefu wa kazi.

Hatua ya 6: Kulinda idhini

Zamia angalau mara 12 kwa mwaka, wala usipitishe miezi sita bila kuzamia, la sivyo utapimwa upya. Ukitaka kufanya kazi na taasisi nyingine ya AAUS, ofisa wako ataiandikia barua kueleza mafunzo, kina na afya yako. Wenyeji ndio wataamua, na wana haki ya kukutazama kwanza majini. Omba barua hiyo wiki kadhaa kabla ya safari.

Ulaya kuna ngazi mbili zinazotambuliwa baina ya nchi: European Scientific Diver, inayodai mizamio 70, kati yake 20 yenye kazi ya kisayansi, na Advanced European Scientific Diver, mizamio 100, kati yake 50 ya kisayansi. Uingereza huusimamia uzamiaji huu chini ya kanuni za uzamiaji kazini za mwaka 1997.

Kwa kuwa kila mahali mizamio yako itahesabiwa, daftari lako la mizamio liandike vizuri tangu siku ya kwanza. Tarehe, mahali, kina cha juu, muda, hewa uliyoanza nayo na uliyomaliza nayo, jina la mwenzako, na kazi yenyewe kwa maneno kamili. "Mzamio mzuri" hautamsaidia mtu anayekukagua. Andika: "Tumelaza tepe mbili kwenye mita 8, nimehesabu jongoo bahari, mwenzangu amepiga picha za fremu 20," kisha msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo.