Swali la sayansi linapima elimu au imani?
Ukiwa unakagua mtihani wa uelewa wa sayansi kwa watu wazima, chukua swali linalogusa imani, wagawe watu kwa kura, nusu wape swali kama lilivyo, nusu waanzishie na "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko..." alafu linganisha. Marekani walijaribu hivyo 2004, kwenye swali la binadamu kutokana na wanyama wa kale waliopatia wakatoka asilimia 42 hadi 74, yani wengi sayansi inasemaje wanajua ila hawaikubali, sasa kuwaita hawajui ni kuwaonea kabisa. Watu wakiwa wachache usiamini tofauti ndogo. Na kwa swali kama "antibayotiki zinaua virusi", ambalo haligusi imani, kuanzisha hivyo hakusaidii, pale shida ni kubahatisha ndiyo au hapana.