Taa za sola za kuchomeka uani: igeuze kabla hujalipa

Nilinunua sita, elfu nne kila moja, kwa ajili ya njia ya kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Ua wetu hapa Ujiji una mwembe mkubwa, na huo ndio ulionipa somo la kwanza: tatu nilizochomeka chini yake zilikuwa zinazimika hata hatujamaliza kula. Za juani zilifika saa saba usiku, siku nyingine saa nane. Kipaneli chenyewe si kikubwa kuliko kibiriti. Kikikosa jua la mchana, kitaweka akiba gani?

Ya nne haikuwaka kabisa. Nikairudisha dukani nimefura. Muuzaji akaziba paneli kwa kiganja, ikawaka, nikatafuta pa kuficha uso. Kumbe nilikuwa nimeichomeka chini ya balbu ya ukutani, nayo ikadhani bado ni mchana. Nawe ijaribu hivyo hivyo dukani: washa swichi, ziba paneli.

Halafu igeuze utafute skrubu. Kama imegandishwa kwa gundi kote, mrudishie mwenyewe. Ndani mara nyingi kuna betri moja ndogo ya kuchaji, imeandikwa NiMH, volti 1.2, na hiyo ndiyo hufa kwanza. Zangu zilichoka baada ya mwaka na kidogo. Nunua ya aina ileile. Betri ya kawaida ya redio, volti 1.5, haichajiki na itakuvujia humo ndani. Wala usivutwe na iliyoandikwa mAh 2000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), kipaneli kile hakiijazi. Mimi nimeweka za 600. Ukikuta ya lithiamu, soma volti zake: ya 3.2 usibadilishe na ya 3.7.

Mvua zikikaribia, Oktoba hivi, pitisha silikoni kwenye mshono wa kifuniko. Vibati vya betri vikishika kutu, vikwangue kwa msasa. Kiangazi ni vumbi tu, futa paneli kila wiki.

Mwanga? Usitegemee ule wa wavuvi wa dagaa ziwani. Utaona ukingo wa njia, na chura akikaa katikati utamwona. Kwa kusomea au kutishia mwizi, sahau. Lakini mama mkwe, anayeamka mara mbili kila usiku, haniiti tena nimshikie tochi.

Zile tatu za mwembeni, moja nimeihamishia juani. Mbili nimezichomeka kando ya banda la kuku, kwa sababu tu zinapendeza.