Programu moja ya simu na kompyuta kwa Tauri, na ufunguo ulionitoa jasho

Dada mmoja, karani wa dalali pale soko la nafaka Kibaigwa, aliniomba nimtengenezee kitu cha kuandikia mizani: jina la mkulima, magunia, kilo. Hasa kilo, maana kwenye lumbesa ukihesabu magunia peke yake umeshapigwa. Alitaka kifanye kazi kwenye simu yake ya Android akiwa mizani, na kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows. Nikatumia Tauri 2, zana ya kutengeneza programu za simu na kompyuta kwa HTML na JavaScript.

Hatua ya 1: Zana

Weka Node, Rust, Build Tools za C++ za Microsoft, na Android Studio. Ndani ya SDK Manager tiki NDK na Command-line Tools, kisha panga JAVA_HOME, ANDROID_HOME na NDK_HOME. Android Studio peke yake inapita GB 1, kwa hiyo nunua bando la kutosha. Kwenye Windows washa Developer Mode mapema, la sivyo kujenga APK (faili la kuweka programu kwenye Android) kutagoma kwenye symlink, yaani njia za mkato za mafaili.

Mtaniuliza kwa nini siyo Electron. Electron, zana nyingine ya kazi hiyo, inabeba kivinjari cha Chromium kizima mgongoni, na kwenye simu haiendi. Tauri inatumia kilichomo tayari kwenye kifaa: WebView2 kwa Windows, WebView ya mfumo kwa Android, kwa hiyo faili linakuwa dogo. Kwa mtu anayepokea programu kwa WhatsApp, hilo limemaliza mjadala.

Hatua ya 2: Mradi

```
npm create tauri-app@latest
cd JINA_LA_MRADI
npm install
npm run tauri android init
npm run tauri android dev
```

Chagua Vanilla, yaani HTML na JavaScript tupu. Fomu ya visanduku vitatu haihitaji React, na sitabishana juu ya hilo. Ukiulizwa identifier, andika ya kudumu isiyo na kistari, kabla ya `android init`. Kwa Android hilo ndilo jina halisi la programu. Ukilibadilisha baadaye, simu inaona programu nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Ukurasa

HTML mnaijua. Kwenye kisanduku cha kilo weka `inputmode="decimal"` ili zitokee namba tu, na vitufe viwe vikubwa na vyeusi. Jua la pale halina huruma na rangi za kijivu.

Hatua ya 4: Kuhifadhi

```
npm run tauri add sql
cd src-tauri
cargo add tauri-plugin-sql --features sqlite
```

Ruhusa ya `sql:default` inasoma tu. Ongeza `sql:allow-execute` kwenye faili lililomo ndani ya `capabilities`, vinginevyo INSERT, amri ya kuandika rekodi mpya, inakataliwa.

Hatua ya 5: Kusaini APK

Hapa taratibu. Mara ya kwanza nilimpa APK niliyojenga kwa `--debug`, kwa sababu inaingia kwenye simu bila maswali. Sikukumbuka kwamba imesainiwa kwa ufunguo wa majaribio ambao laptopu hujitengenezea yenyewe, na kila laptopu ina wake. Wiki mbili baadaye nikawa nimeshaiformati laptopu. Nikajenga toleo jipya, nikapanda basi hadi Kibaigwa, simu ikalikataa.

Nilidhani ni nafasi, tukafuta video. Nikadhani ni namba ya toleo, nikaipandisha. Saa tatu zikaisha ndipo nikachomeka waya na kutumia `adb install -r` (adb ni zana ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta), ikasema wazi: INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE. Maana yake saini hazifanani. Anza na adb, usianze na kubahatisha.

Njia pekee ilikuwa kufuta programu ya zamani, na ukiifuta kumbukumbu zake zinaondoka nayo. Dada akafungua kaunta buku, akawa ananisomea kwenye kioo nami naandika: fulani, gunia 14, kilo 1,612. Tulifika kama mkulima wa sitini ndipo nikakumbuka kwamba APK ya debug inaruhusu `run-as`, yaani kuingia kwenye mafaili yake na kuyanakili:

```
adb shell run-as JINA_LA_PROGRAMU find . -name "*.db*"
adb exec-out run-as JINA_LA_PROGRAMU cat NJIA > mizani.db
```

Weka identifier yako na njia uliyoonyeshwa. Funga programu kwanza, na kama kuna faili la `-wal`, lichukue pia. Dada aliniangalia, akaangalia kaunta buku, akanyamaza.

APK ya release haina mlango huo, kwa hiyo weka kitufe cha kutoa CSV (jedwali linalofunguka kwa Excel) tangu siku ya kwanza. Kisha tengeneza ufunguo wako:

```
keytool -genkey -v -keystore mizani.jks -keyalg RSA -keysize 2048 -validity 10000 -alias upload
```

Ndani ya `src-tauri/gen/android` andika `keystore.properties` yenye password, keyAlias na storeFile. Kwenye Windows tumia mkwaju wa mbele (`C:/funguo/mizani.jks`), maana faili hilo linaumeza ule wa nyuma na njia inaharibika. Halafu fungua `app/build.gradle.kts`, soma thamani hizo ndani ya `signingConfigs`, uziunganishe na `release`. Usipofanya hivyo utapata faili linaloishia na `-unsigned.apk`, na hilo simu hailipokei.

`keystore.properties` isiingie Git. Faili la jks weka nakala kwenye flashi mbili, moja isikae nyumba moja na laptopu.

```
npm run tauri android build -- --apk --split-per-abi
```

Amri hiyo inatoa APK tofauti kwa kila aina ya prosesa. Simu nyingi za bei nafuu zinataka ile ya armv7 (biti 32). Nyingine zipe ya arm64 (biti 64).

Hatua ya 6: Kompyuta

`npm run tauri build`, ukiwa kwenye Windows yenyewe. Kama ofisi haina intaneti na Windows yao ni ya zamani isiyo na WebView2, kwenye `webviewInstallMode` chagua `offlineInstaller`. Faili litaongezeka kama MB 127, kwa hiyo hilo lipeleke kwa flashi.