Kusaka na Kuficha Visanduku vya Jiokashingi Kando ya Kituo cha Zamani cha Rada, Alsask

Alsask ni kijiji kidogo kilichoko mpakani mwa majimbo mawili ya Kanada, Alberta na Saskatchewan, na jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya majimbo hayo. Alama yake kuu ni kuba kubwa jeupe, mabaki ya kituo cha kijeshi kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika mnyororo wa rada ulioitwa Pinetree, uliokusudiwa kuziona mapema ndege za Kisovieti za kudondosha mabomu, kisha kikafungwa mwaka 1987. Mahali kama hapa panamfaa sana msakaji wa jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kutumia kifaa kinachoongozwa na setilaiti, mradi akubali kwamba kwenye tambarare hii kazi ngumu si kuzifuata setilaiti, bali ni kujua ardhi ni ya nani.

Mchezo wenyewe uliwezekana baada ya Marekani kuacha, tarehe 2 Mei 2000, kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS (mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali) yaliyotumiwa na raia. Siku iliyofuata kisanduku cha kwanza kikafichwa Oregon. Mfichaji hutangaza majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kamili kwenye ramani, msakaji hukitafuta kisanduku, huandika jina lake la mchezo na tarehe katika kidaftari kilichomo, kisha hukirudisha palepale alipokikuta.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kifaa chako kinasoma majiranukta kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa kuwa ndiyo desturi ya mchezo huu. Anayeiona N 51° 22.500′ akaiingiza kama digrii 51.22500 atapelekwa zaidi ya kilomita 16 kusini mwa shabaha, na kwa kuwa mashamba ya huku yanafanana, anaweza kusaka muda mrefu bila kushtuka. Pakua pia ramani ya eneo zima mapema, usije ukategemea mtandao wa simu njiani.

Ukibakiza mita kumi hivi, acha kuitazama skrini. Kifaa cha kawaida hukosea kwa mita tatu hadi tano, na karibu na minara ya chuma au kuta ndefu hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi hugonga chuma na kurudi kwa njia ndefu. (Kuba lenyewe halina lawama: lilijengwa kuifunika antena ya rada, ili mawimbi yapenye.) Sasa tumia macho. Tambarare haina maficho mengi, hivyo jiulize wewe ungeficha wapi: kwenye nguzo ya ua, nyuma ya kibao cha barabarani, katika safu ya miti ya kukinga upepo, au katika marundo ya mawe ambayo wakulima huyaondoa shambani na kuyaweka pembeni. Pitisha kidole nyuma ya kila kipande cha chuma, maana visanduku vidogo mara nyingi hushikiliwa kwa sumaku.

Usiruke ua hata kama mshale wa kifaa unakuelekeza ng'ambo yake. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya Saskatchewan inamtaka anayeingia katika ardhi ya mtu kwa starehe apate idhini kwanza, hata pasipokuwa na kibao cha kukataza. Majengo matupu ya kituo nayo usiyaingie bila ruhusa ya mwenyewe. Na mvua ikinyesha, ziepuke barabara za udongo zisizo na kokoto. Udongo wa mfinyanzi wa huku hushika magurudumu kama gundi, na hakuna kisanduku kinachostahili gharama ya trekta la kukuvuta.

Ukitaka kuficha chako, kiweke angalau mita 161 kutoka kwa kingine, pata idhini ya mwenye ardhi, usichimbe shimo, na usitie chakula, ambacho huwavuta wanyama. Wengi hupenda masanduku ya chuma ya risasi kwa uimara wake, lakini kuliacha sanduku la namna hiyo kando ya kituo cha kijeshi ni kumwita polisi: lipake rangi mpya, ufute maandishi yote ya jeshi, kisha uandike wazi kwamba ni la mchezo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, njia bora ni kutoficha chochote kwenye kuba. Tengeneza msako wa hatua mbili, ambapo msakaji hukusanya tarakimu kutoka katika vibao vinavyosomeka akiwa mahali pa wazi, huzitumia kukokotoa majiranukta, kisha hukipata kisanduku kwingineko.

Kitundike juu kidogo ya ardhi, kwani kilicho chini hufunikwa na theluji au kugandishwa na barafu miezi mingi, na ndani yake tia penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino hautoki kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.