Usiongeze hewa tangini kabla hujaangalia viputo

Tangi la kuchenjulia dhahabu kwa sianidi likipungukiwa oksijeni, mkono wa fundi hukimbilia vali ya hewa. Wangu pia ulikimbilia. Juu palitokota kama sufuria ya uji, oksijeni haikupanda hata kidogo. Jaribu hili kwa maji matupu, uone sababu.

1. Simamisha bomba angavu, kipenyo cha ndani sentimita 10, urefu mita moja na nusu. Chini funga sahani yenye matundu ya milimita 1. Mpira wa hewa uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo siku umeme ukikatika kompresa itakunywa maji.

2. Fungulia hewa kwanza, ndipo umimine lita 7.85. Bila hewa zingesimama sentimita 100.

3. Weka hewa lita 12 kwa dakika. Ukigawanya kwa eneo la mkato wa bomba unapata kasi ya hewa, sentimita 2.5 kwa sekunde. Soma kimo. Tuseme ni 111: zile 11 zilizozidi ni hewa, kama asilimia 10 ya kilichomo. Gawanya 2.5 kwa 0.10, unapata sentimita 25. Hiyo ndiyo kasi ya viputo kwa sekunde, na ni kawaida kwa kiputo cha milimita chache. Ukipata 80, kagua mita ya hewa.

Geji ya presha iliyo chini hupima uzito wa maji tu, kwa hiyo bado inasoma 100. Nimeona tangi likimwagika huku skrini ikisema nafasi ipo.

4. Ongeza hewa polepole. Kasi ya hewa (ile iliyokuwa 2.5) ikifika sentimita 5 hivi kwa sekunde, viputo huanza kuungana. Vikubwa hupaa katikati, maji yakishuka pembeni. Hapo ndipo hewa yangu ilipopotelea. Lita moja ya hewa katika viputo vya milimita 4 hugusana na maji kwa mita 1.5 za mraba. Katika vya milimita 2, mita 3. Tena vikubwa havikai majini.

5. Rudi lita 12, tia chumvi gramu 240. Viputo vitagoma kuungana, vitabaki vidogo, na kimo kitapanda kwa hewa ileile. Sabuni usijaribu, povu litakufukuza chumbani.

Tangini hatutii chumvi. Tunazibua matundu yaliyoziba, na hewa tunaitoa chini ya pangaboi la kichanganyio ili liikatekate. Vali ya hewa naigusa baada ya hayo.